Gari Rahisi la Muosha

Ukiona gari kubwa la kitajiri linauzwa kwa bei ya baiskeli, usikimbilie kushukuru. Linuse kwanza. Neno hilo ni la jirani yetu Muosha, na alilisema akiwa amekwishachelewa. Gari lilikuwa limesimama chini ya ukuta wa Ngome ya Mombasa, ni mali yake halali, na yeye kando yake amejifunga shuka, ndoo mkononi, anatafuta pa kuanzia.

Jina alikuwa nalo, wazazi wake walimpa, lakini mtu akishawaosha maiti wa mji kwa miaka mingi jina lake humtoka. Alikuwa akiwaosha wanaume, maana wanawake wana waosha wao. Mbele yake tukimwita Ami. Akitupa kisogo, Muosha. Alikaa mkabala na sisi, na kichochoro chetu ni chembamba mno, mimi dirishani kwangu na yeye dirishani kwake tungeweza kupeana chumvi bila ya kujinyoosha. Chumvi yenyewe hatukupeana, na sababu yake nitaisema.

Kwanza nianze na macho yake, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa yakitutaabisha. Muosha hakujua kumtazama mtu kama watu wanavyotazamana. Alianzia utosini akashuka taratibu mpaka vidoleni, kisha akapanda tena, na ukajua hapo umeshapimwa sanda. Hakuwa na nia mbaya, ilikuwa ni kazi imemwingia. Lakini wanaume wa barazani walikuwa wakimwona anatokea kona, mmoja anakunja miguu, mwengine anajikohoza, mwengine anakumbuka ameitwa nyumbani. Mume wangu ni mrefu, karani huko bandarini Kilindini, na akipita mbele ya Muosha alikuwa akipinda magoti. Siku moja mzee akaniambia dirishani, kwa mapenzi kabisa, "Mumeo mashallah kajaaliwa urefu. Dhiraa za kawaida hazimtoshi."

Nikamwambia, "Ami, hizo dhiraa bado anazitaka za kanzu."

"Inshallah, inshallah," akasema, na akafunga dirisha kwa adabu.

Ukitoka kwenye macho, kulikuwa na ile tabia yake ya kutopokea kitu. Muosha akiitwa, huenda. Aitwe asubuhi, aitwe yuko katikati ya tonge, ananawa mkono anakwenda. Maskini akifa hana sanda, sanda hutoka kwa Muosha. Na akimaliza kazi ukimtilia kitu mkononi hukirudisha, ukimwekea chai hainywi, ukimwambia "Ami, kaa basi upumzike," anasema kesho. Mimi mwenyewe Ramadhani moja nilimpelekea samaki wa kupaka, wa nazi nzito, samaki ambaye mume wangu alimtolea macho mpaka nikamwonea huruma. Sahani ilirudi na samaki wake mzima, na juu yake mzee ametia tende. Nilikasirika, wallahi nilikasirika. Mtu gani huyu, kila siku yeye ndiye mwenye kutoa na sisi sote tubaki tumefungwa mikono. Nilimnunia mpaka Idi, naye hata hakujua kama amenuniwa.

Basi mtu huyo, aliyekuwa hataki hata kikombe cha maji cha mwenziwe, alikuwa na udhaifu mmoja. Alipenda vitu vikubwa vya bei ndogo.

Hiyo ilikuwa ni miaka ile baada ya uhuru, Wazungu wengi wanafunga mizigo, na kila wiki huko Kizingo kuna mnada. Wengine wetu tulikwenda tukanunua sahani. Muosha alinunua koti la sufu nzito, la nchi za theluji, na akawa anakwenda nalo msikitini alfajiri, anarudi amelowa jasho mpaka magotini. Alinunua saa ya kusimama, ndefu kuliko ngazi yake, haikupanda, ikabidi ailaze sebuleni. Imelala haiendi. Ukimwuliza saa yako imekufa, Ami, anasema imepumzika. Na ukimwuliza kwa nini vitu hivi vilikuwa rahisi hivyo, alikuwa na jibu moja tu, kwamba Wazungu hawajui thamani ya mali yao. Haikumpitikia kwamba huenda wanaijua.

Lakini lile gari hakulinunua kwa tamaa. Alilinunua kwa uchungu, na uchungu wenyewe ni wa mwanawe.

Mwanaidi alikuwa mtoto wake wa pekee. Mamake alifariki yeye bado anatambaa, na mzee akamlea mwenyewe, mpaka nywele akimsuka mwenyewe, misuko ya ajabu iliyoelekea kila upande, hadi sisi majirani tukamnyang'anya kazi hiyo. Akakua msichana mzuri, mpole, mcheshi akiwa kwangu jikoni. Akaposwa na kijana wa watu wa Ndia Kuu, wenye duka la vitambaa, watu wenye nyumba mpya ya ghorofa huko Ganjoni. Kijana alimtaka kwelikweli. Mamake kijana alikubali, lakini alikubali ametazama pembeni.

Desturi yetu, bwana harusi ndiye aingiaye nyumbani kwa bibi harusi, na hapo ndipo fungate hukaliwa. Mama mkwe akakataa. Akasema mwanawe hatalala siku saba katika nyumba yenye ubao wa kuoshea maiti. "Bibi harusi aletwe kwangu," akasema mbele ya watu, "na aletwe bila ndoo ya babake."

Neno hilo lilivuka mji likafika kichochoroni kwetu kabla ya wali kuiva. Mimi nilikuwa dirishani nilipomwona Muosha analisikia. Alitazama mikono yake mbele na nyuma. Kisha akavaa lile koti lake la sufu, jua kali vile, akashika njia ya Kizingo. Aliapa kwamba Mwanaidi atafika Ganjoni ndani ya gari ambalo hao watu wa vitambaa hawajapata hata kuligusa. Na mimi nilijua, na mji ulijua, kwamba akiaibika mbele ya mama mkwe siku ile, Mwanaidi ataishi na ile ndoo kichwani maisha yake yote.

Gari alilipata kwa Mzungu aliyekuwa anaondoka na meli. Gari la Kiingereza, refu, rangi ya bilingani, mbele limetiwa mbao za kung'aa, viti vya ngozi nyekundu ukikaa unazama. Bei aliyotajiwa ilikuwa ndogo mpaka akauliza tena, kwa kudhani ametajiwa bei ya gurudumu. Mzungu akamwambia ni ya gari zima. Muosha akalipa papo hapo, asije mtu akazindukana akamkataza.

Angengoja kidogo tu tungemwambia, kwa kuwa hakuna asiyejua ila yeye. Mzungu yule alikuwa na mbwa wawili, majibwa makubwa, na jioni zote alikuwa akiwapitisha mjini kuwapunguza joto, wamekaa viti vya nyuma kama mabalozi, vichwa nje, mate yanamwagika juu ya ile ngozi nyekundu. Ndiyo maana hakuna Mwislamu aliyelisogelea. Na wale wasiojali mbwa walikuwa na yao. Gari lilikunywa petroli vibaya sana, na likiharibika hata skrubu lazima iagizwe Uingereza, uisubiri meli, na ikija si yenyewe. Sababu za urahisi zilikuwa zimepanga foleni, na mzee akazipita zote bila hata kuzipa salamu.

Barazani pakawa hapatoshi. Watu waliokuwa wakinyamaza siku nzima sasa wakawa wanazuoni. Mmoja akasema hapana neno, kikavu kwa kikavu hakiambukizi najisi, wewe panda tu mkavu, shuka mkavu. Mwengine akamwuliza, "Yakhe, Mombasa hii mkavu ni nani?"

Basi hapo ndipo Muosha alipofurahi, ndipo niliposhangaa mimi. Nilidhani atalia. Kumbe amelikuta jambo analoliweza. Mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kuosha ndiyo kazi yake. Akajifunga shuka, akaliosha lile gari kwa namna moja aliyokuwa akiijua duniani. Alilifunika nguo kwanza, lisitazamwe. Akaanza upande wa kulia, kisha wa kushoto, maji yakimwagwa polepole kutoka kichwani kwenda miguuni. Akaziba matundu yote kwa pamba, maji yasiingie ndani, mpaka bomba la moshi. Na muda wote akalisemesha kwa sauti ya chini, ageuke kidogo, ainue mkono, vivyo hivyo, hamna haraka. Watoto wakaja kutazama wakafukuzwa, kwamba si vizuri.

Ile mara ya udongo ilikuwa na mambo yake. Udongo ukaingia katika mishono ya viti, ukakaa humo na maji, na baada ya muda gari halikunuka mbwa tena, lilinuka kisima. Muosha akaona alitie manukato. Mtu mwengine angetia udi. Angekuja kwangu ningempa marashi, lakini kwangu haji. Akatia alichonacho nyumbani, na alichonacho nyumbani, magunia kwa magunia, ni karafuu maiti, ile wanayotiwa maiti wakishaoshwa.

Kwa asiyejua harufu ile niseme tu kwamba kwetu ina maana moja. Ukiisikia nyumbani kwa mtu unauliza mazishi saa ngapi. Sasa gari zima lilikuwa linaitoa, ukisimama Ndia Kuu unajua limewashwa huko Ngome. Nilimwambia, "Ami, gari linanuka msiba." Akanusa, akanusa tena, kwa moyo wake wote, akaniambia, "Linanuka usafi."

Hakuwa anajua kuendesha. Alifundishwa na dereva mmoja wa lori wa Kilindini, kwa hivyo akawa anageuza lile gari la kitajiri kwa kulizungushia mbali, kana kwamba nyuma limebeba magunia ya kahawa. Na kwa kuwa amelitwaharisha mwenyewe kwa mkono wake, aliharamisha viatu ndani. Ukitaka kupanda, vua. Yeye mwenyewe alivua makubadhi yake akayapanga vizuri kando ya barabara, ncha zikielekea nje, akaingia, akaenda zake. Akifika anakokwenda ndipo anakumbuka kwamba viatu vimebaki. Mombasa yote tuliyajua makubadhi ya Muosha. Ukiyaona yamepangwa njiani unajua mzee alipandia hapa, na mwungwana anayeelekea upande wake anayabeba.

Kichochoroni kwetu gari halikuingia, hata upepo kwetu huingia ubavu. Likalala chini ya Ngome. Waongozaji wa wageni pale hawakuchelewa, wakawa wanawaambia watalii ni gari la sultani mmoja aliyepinduliwa. Watalii wakilipiga picha. Muosha akipita na ndoo yake wakiambiwa, na huyu ndiye mtumwa wake mwaminifu. Mzee akawapungia mkono, hakuwa anaelewa wanachosema.

Nisisahau kulieleza la kuuza kwake, ingawa lilikuja baada ya harusi, kwa kuwa linaonyesha mtu alivyokuwa. Gari lilimshinda, petroli ilikuwa inamla mwilini, akaamua kuliuza. Na akaliuza rahisi kuliko alivyonunua. Akatokea bwana mmoja tajiri kutoka bara, akalizunguka, akaingiwa na shaka kama inavyompasa mtu mwenye akili. "Mzee, mbona bei hii?"

Mwengine angesema ninasafiri. Muosha kwake ilikuwa ni haramu kuficha aibu ya bidhaa. Akamkalisha chini akaanza kuhesabu. "Kwanza, lilikuwa la mbwa."

"Mimi nina mbwa," akasema yule bwana.

"La pili, nimelitia udongo kwenye viti, haukutoka wote. La tatu, linanuka maiti."

Bwana akacheka. "Nyinyi watu wa pwani mna mizaha."

"La nne, linakunywa petroli kushinda ngamia na maji. La tano, lina tabia ya kuzimika likiwa na watu."

Kadiri mzee alivyozidi kusema kweli ndivyo bwana alivyozidi kucheka na kuamini kwamba amepata mali. Akalipa, akavua viatu kwa kuwa aliambiwa avue, akaondoka. Viatu vyake vizuri vya ngozi vilikaa pale Ngome wiki nzima, havikujiwa.

Haya, harusi.

Siku ile baada ya alasiri Mwanaidi alikuwa amepambwa akapambika. Amepakwa hina, amevishwa yasmini, amefunikwa, macho chini. Bibi harusi wetu hasemi. Akitaka maji anamfinya Somo wake, yule mama anayemsimamia, na Somo ndiye anayesema. Sisi wanawake tulimtoa kwa miguu mpaka Ndia Kuu, tulikoambiwa gari litasubiri, na pale tukawakuta mashangazi wa bwana harusi waliokuja kumsindikiza. Muosha alikuwa amesimama kando ya mlango, amevaa joho la harusi na kilemba, hana viatu, uso unang'aa. Alikuwa ameliosha gari tena asubuhi ile kwa ajili ya mwanawe, na kwa kuwa ni siku kubwa, karafuu maiti alizidisha.

Mashangazi walibakiza hatua chache kulifikia gari wakasimama. Mmoja akasema, "A'udhubillahi." Mwengine akajifunika pua kwa buibui. Wakasema wao hawapandi jeneza, na kwamba watatangulia kwa miguu wakamweleze mama mkwe anacholetewa. Nilimtazama Muosha. Uso ulimshuka mpaka nikatamani ardhi imeze wale mashangazi pamoja na mabuibui yao ya hariri. Akaificha mikono yake ndani ya joho.

Basi Mwanaidi akasema. Bibi harusi, mbele ya watu, kwa mdomo wake. "Nifungulieni mlango. Naona joto."

Somo alitaka kuzirai. Mwanaidi hakungoja, akavua viatu, akapanda, akajiweka katikati ya kile kiti chekundu. Somo akamfuata kwa kuwa ndiyo kazi yake. Nami nikapanda. Sitadanganya kwamba nilipanda kwa ushujaa. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya kubana, na kuambiwa nivue kulikuwa ni rehema.

Tukaenda vizuri mpaka kupita kidogo pale Ngome. Kisha gari likaanza kukohoa, likajitikisa, likatoa pumzi moja, likazimika mbele ya baraza ya wanywa kahawa. Muosha akalitia ufunguo, kimya. Akalibembeleza, kimya. Sababu yake tuliijua siku ya pili, yule dereva wa lori alipochungulia nyuma akavuta kutoka bomba la moshi furushi la pamba la kujaza mto. Mzee aliliosha asubuhi, akaliziba matundu kama kawaida yake, akasahau kulizibua.

Sasa angalia kilichotokea. Watu wa barazani wanamwona Muosha. Wanasikia karafuu maiti inavyowajia. Wakasimama wote kwa pamoja, wakavua sura za kahawa wakavaa za msiba. Mmoja akasema inna lillahi. Na jeneza likipita kwetu hakuna mtu anayelitazama tu. Unatia bega hata hatua chache, upate thawabu zako, unampisha mwenzio. Wakaja wakatia mikono. Gari likaanza kwenda.

Muosha akatoa kichwa dirishani. "Jamani, si maiti. Ni harusi. Nina mwanangu humu."

"Allah amrehemu," wakamjibu.

"Ni harusi, nawaambia."

"Sote njia yetu ni hiyo hiyo, Ami, subiri tu," akasema mmoja, na wakaongeza nguvu.

Somo akapiga kigelegele ili kuwasahihisha. Kikamezwa, kwa kuwa walikuwa wameshaanza tahlili, La ilaha illallah kwa sauti moja, na jeneza kwetu halichukuliwi taratibu, maiti huharakishwa. Tukakimbizwa. Mimi na Somo tunagongana vichwa, yasmini za bibi harusi zinaruka, na Mwanaidi chini ya mtandio wake anacheka mpaka anapaliwa. Nje watu wanazidi. Wachukuzi waliokuwa wanatoka kazini Kilindini wakatua mizigo wakaingia. Mhindi wa Kibohora mwenye duka la misumari akashusha mlango nusu, kama maduka yanavyofanya jeneza likipita, kisha akaushusha wote akaja naye. Nikasikia mtu nyuma akiuliza, "Ni nani?" na mwengine anamjibu, "Sijui, wewe sukuma." Mume wangu nilimwona ubavuni, kanzu ameikunja, anasukuma hajanitazama. Nilimwita, hakugeuka.

Tulipokata kona ya Ganjoni, Muosha akanyamaza. Alirudisha kichwa ndani, akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mbele.

Mama mkwe alikuwa ghorofani kwake, ameshaletewa habari na mashangazi, amekaa tayari kutazama kioja. Alichokiona ni barabara imejaa watu mwanzo hadi mwisho, wakubwa kwa wadogo, wenye vilemba na wenye nguo za kazi, wote wamelizunguka gari moja la rangi ya bilingani. Hajapata kuona harusi yenye watu vile, wala sisi hatujapata. Nasikia aliuliza, "Hawa wote ni wao?" Akashuka ngazi mwenyewe, mbiombio, akafungua mlango wa gari kwa mkono wake. Harufu ikamjia usoni, akapiga chafya kubwa, akasema, "Karibu, mwanangu. Karibu kwenu." Na toka siku ile hakulitaja tena lile neno la ndoo, maana mtu ambaye babake ana watu kiasi kile hatajiwi ndoo.

Kisa hicho nilikibeba miaka. Nimekisimulia kwenye kila harusi niliyokaa, namna Mombasa nzima ilivyosukuma bibi harusi ikidhani inazika, nami nikiigiza mpaka yule wa "sijui, wewe sukuma." Watu walikuwa wakinialika kwa ajili yake. Muosha mwenyewe nikikisimulia mbele yake alikuwa anainamisha kichwa, na mimi nikidhani ni haya.

Muongo ule wa uhuru ulipokuwa unakaribia kwisha, mzee akajaaliwa kwenda Hija. Amekuwa mzee kweli sasa, mgongo umepinda, kazi amewaachia wengine. Mwanaidi ana watoto. Na anayekwenda Hija kwanza hutaka radhi kwa watu, mlango kwa mlango, asije akaondoka na haki ya mtu. Alianza na sisi kwa kuwa sisi ndio karibu. Alibisha hodi baada ya alasiri, mume wangu akamfungulia, nami nikasimama nyuma.

"Nimekuja kutaka radhi," akasema. "Na si ya jumla, nina jambo mahususi. Siku ya harusi ya mwanangu uliweka mkono kwenye lile gari kwa kudhani ni maiti. Niliwaambia, hamkunisikia. Lakini pale Ganjoni ningeweza kusema tena, nikanyamaza. Niliona linakwenda, nikaona mwanangu anafika, nikawaacha mkosee. Nimewaibia watu tahlili yao. Miaka yote hii sijalala vizuri. Nitakwenda kwa kila mmoja, lakini nimeanza na wewe."

Mume wangu akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. "Ami," akasema, "jeneza gani hilo lina usukani, na muosha mwenyewe amevaa joho la harusi ameushika?"

Muosha hakuelewa. Wala mimi sikuelewa.

"Tulijua, Ami. Tulijua toka pale barazani. Nani hakujua kuwa Mwanaidi anaolewa siku ile?"

"Nyote?"

"Sote. Labda wale wachukuzi mwanzo, lakini tuliwaambia njiani."

"Na ile tahlili?"

"Ni jina la Mungu, Ami. Katika harusi limekatazwa na nani?"

Mzee akashika fremu ya mlango. "Basi mbona hamkunijibu? Nilitoa kichwa nikawaambia ni harusi."

"Tungekuitikia, ungeshuka ukatufukuza, ukalisukuma mwenyewe mpaka Ganjoni," akasema mume wangu. "Umemwosha babangu, Ami. Umemwosha babake huyu na huyu na huyu, na hata maji ya kunywa hujatuachia tukupe. Tungekusaidia vipi? Kwenye jeneza tu ndiko huwezi kumkataza mtu."

Na mimi, mwanamke niliyekula mialiko ya harusi kwa kisa hicho, nilikuwa sijui. Mume wangu hakupata kuniambia hata neno, kwa kuwa anaujua mdomo wangu.

Muosha alikaa kwenye kizingiti chetu, mahali ambapo hakuwahi kukaa. "Kwa hiyo mlikuwa mnamsindikiza mwanangu," akasema.

"Mwanaidi," akasema mume wangu. "Tulikuwa tunamsindikiza Mwanaidi wetu."

Akalia mzee yule, akalia bila ya kujificha, na sisi wawili tukakaa naye pale chini mpaka magharibi ikaadhiniwa.